Kuchagua Mahali pa Kutazamia Nyota: Mfano wa Mji wa Kondoa

Katikati ya miaka ya 1970 darubini kubwa yenye kioo cha kipenyo cha meta 1.9, iliyokuwa ikitumika Pretoria, Afrika ya Kusini, tangu miaka ya 1940, ilifunguliwa vipande vipande ikasafirishwa hadi Sutherland, mji mdogo ulioko katika nyanda kame za Karoo. Darubini hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Kilichokuwa kimeharibika ni anga lililokuwa juu yake. Mji ulikuwa umekua, taa zake zilikuwa zimeongezeka, na nyota hafifu zilikuwa zimemezwa na mwanga. Darubini nyingine kutoka Cape Town na Johannesburg zilikuwa zimetangulia kuhamishiwa huko. Mwaka 2005 ikazinduliwa hapo hapo Sutherland darubini iitwayo SALT, ambayo kioo chake kimeundwa kwa vipande 91 na kina upana wa karibu meta 11.

Habari hiyo ina funzo kwa nchi nyingine za Afrika. Chombo kinaweza kununuliwa, lakini anga jema halinunuliwi. Mji mdogo ulio mbali na taa nyingi unamiliki kitu ambacho mji mkubwa umekwisha kukipoteza, na mara nyingi wenyeji wake hawafahamu kwamba wanacho. Tanzania ina miji mingi ya namna hiyo. Makala haya yanauchukua mji wa Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, kuwa mfano, ili kueleza ni mambo gani hufanya mahali fulani pafae kutazamia nyota, yanapimwaje bila ya vyombo vya gharama, na yanaweza kuhifadhiwa kwa njia gani.

NAFASI YA KONDOA DUNIANI

Kondoa iko karibu digrii 5 kusini ya Ikweta, katika kimo cha karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mambo haya mawili yana manufaa makubwa.

Kwanza, mtu aliye karibu na Ikweta huweza, katika muda wa mwaka mmoja, kuziona karibu nyota zote za pande mbili za dunia. Akitazama kusini ataiona Salibu, lile kundi la nyota nne zilizopangika kama msalaba, ikiwa digrii 35 juu ya upeo wa macho inapofikia kilele chake. Akitazama kaskazini mwezi Novemba ataiona galaksi ya Andromeda kama alama ndogo ya ukungu. Mwanga wa galaksi hiyo umesafiri kwa muda wa miaka milioni 2.5 kabla ya kumfikia. Ni sehemu ndogo tu ya kaskazini kabisa, pamoja na ile Nyota ya Kaskazini yenyewe, isiyoonekana kutoka Kondoa.

Jambo la pili linahusu unene wa hewa. Nyota iliyo utosini hutazamwa kupitia tabaka jembamba la hewa. Nyota iliyo karibu na upeo wa macho hutazamwa kupitia tabaka nene mara nyingi zaidi. Kitovu cha galaksi yetu, ambacho kiko upande wa kundi la Mshale, karibu na mkia wa Nge, hupanda hadi digrii 66 kikionekana kutoka Kondoa. Mjini London kitovu hicho hakifiki hata digrii 10, na mwanga wake hulazimika kupita katika hewa yenye unene wa zaidi ya mara tano kuliko ile iliyo utosini. Isitoshe, kwa kuwa Kondoa iko juu, karibu sehemu moja ya sita ya hewa yote imekwisha kuachwa chini, na pamoja nayo sehemu kubwa ya mvuke.

Aidha, karibu na Ikweta jua huzama likielekea chini moja kwa moja, na kwa sababu hiyo giza huingia haraka. Mwezi Juni, jua likiisha kuzama Kondoa, giza kamili hufika kabla ya saa 2 usiku. London katika mwezi huo huo haipati giza kamili usiku kucha.

GIZA NA UMBALI WA KUTOKA MJINI

Adui wa kwanza wa mtazama nyota ni mwanga wa taa. Taa isiyo na kifuniko hutupa sehemu ya mwanga wake juu, na mwanga huo hugonga chembe za hewa na vumbi, ukatawanyika na kurudi chini. Hivyo ndivyo unavyotokea ule wekundu au weupe unaoonekana juu ya mji hata mtu akiwa mbali nao.

Je, mtu aende umbali gani? Mwanafalaki Merle Walker aliichunguza miji ya California katika miaka ya 1970, akapata kanuni inayotumiwa mpaka leo kwa makadirio. Kwa kanuni hiyo, mji wenye watu 20,000 huongeza mwangaza wa anga la upande wake kwa karibu asilimia 63 kwa mtu aliye umbali wa kilometa 10. Katika kilometa 20 nyongeza hiyo hushuka hadi asilimia 11, na katika kilometa 30 hadi asilimia 4 tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua zaidi ya mara tano. Hii ina maana kwamba kilometa chache za kwanza zina thamani kubwa kuliko zote zinazofuata. Mtu wa mji mdogo anaweza kulifikia giza jema kwa baiskeli. Mtu wa Dar es Salaam hawezi.

Kanuni hiyo yaonyesha pia nguvu ya mji mkubwa. Jiji la Dodoma, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na wakazi zaidi ya 700,000, liko kiasi cha kilometa 140 kusini ya Kondoa kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo kwa makadirio hayo hayo linaweza kuongeza karibu asilimia 3 katika anga la upande wa kusini. Bila shaka taa za leo si zile za California ya wakati huo, na kila mji una taa zake. Tarakimu hizi ni za kuongoza tu, na hapana budi kila mahali papimwe penyewe.

Kaskazini ya Kondoa, kwenye barabara iendayo Babati, iko Kolo, umbali wa kilometa 20 na zaidi. Eneo hilo lina michoro ya kale ya miambani iliyowekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miteremko yake huelekea mashariki, kwenye nyika ya Wamasai ambayo haina mji mkubwa karibu. Mahali penye sifa hizo tatu, yaani umbali wa kutosha kutoka mjini, kilima kinachokinga mwanga wa mji, na upeo ulio wazi upande mwingine, ndipo pa kuanzia kutafuta, Kondoa au kwingineko.

USAFI NA UTULIVU WA HEWA

Watu wengi hudhani kwamba usiku mzuri kuliko yote hupatikana katikati ya kiangazi, wakati mawingu yametoweka kabisa. Sivyo hasa. Katika nyanda kavu za kati ya Tanzania, mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mvua huisafisha hewa na kuishindilia chini mavumbi. Kwa hiyo majuma yanayofuata mwisho wa mvua, yaani kuanzia katikati ya Mei hadi Juni, huunganisha mambo mawili mazuri: mawingu yamepungua, na vumbi bado halijapanda. Baadaye, kadiri nchi inavyokauka, upepo huinua udongo, na moshi wa mioto ya nyika hutanda. Ifikapo Septemba na Oktoba anga laweza kukosa wingu hata moja, lakini nyota za karibu na upeo wa macho zikawa zimefifia kwa utando wa vumbi na moshi.

Watu wa Kondoa wanalijua vumbi kuliko wengi. Vilima vya Irangi viliharibiwa vibaya na mmomonyoko wa ardhi, hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Nyasi na miti vikaanza kurudi. Kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya mashamba na maji. Lakini ardhi iliyofunikwa na mimea haitoi vumbi jingi, na anga lililo juu yake hunufaika pia.

Hewa safi peke yake haitoshi. Inatakiwa pia iwe tulivu. Kumetameta kwa nyota hutokana na hewa ya joto na ya baridi kuchanganyika njiani mwa mwanga. Kwa macho matupu hilo ni pambo, lakini kwa mwenye darubini ni kero, kwa sababu sura ya sayari hutikisika kama kitu kilicho chini ya maji yanayotiririka. Mawe makubwa na mapaa ya mabati hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku. Darubini isiwekwe juu ya mwamba wala karibu na nyumba, bali juu ya majani. Saa za baada ya usiku wa manane kwa kawaida huwa tulivu kuliko za mwanzo wa usiku, maana ardhi imekwisha kupoa.

Bondeni nako kuna hasara yake. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka na kutuama chini pamoja na moshi wa meko na ukungu. Kileleni upepo huwa mkali. Mahali pazuri mara nyingi ni mteremkoni, juu kidogo ya bonde, penye kichaka au mwamba wa kukinga upepo wa kusi.

MWEZI NA KALENDA YAKE

Hata mahali pa giza kabisa huharibiwa na mbalamwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kuangaza usiku kucha. Baada ya hapo huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwenye kufuata tarehe za mwezi mwandamo ana kalenda kamili mkononi. Kuanzia mwezi 22 hivi, mwezi hauchomozi kabla ya saa 6 usiku, na mpaka kufikia mwezi 3 au 4 wa mwandamo unaofuata huzama mapema. Hizo ndizo siku 10 au 12 za kutazamia nyota jioni. Kati ya mwezi 4 na mwezi 7 inafaa kusubiri hadi mwezi uzame.

Katika siku hizo za giza mwezi Mei, Salibu husimama wima upande wa kusini karibu saa 3 usiku. Mwishoni mwa Juni, karibu saa 6 usiku, ule ukanda mweupe wa Njia Nyeupe hupita juu kabisa, ukiwa mpana na mng'avu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Na mwenye kuamka kabla ya alfajiri ataona Kilimia kikizuka mashariki, baada ya kuzama wakati wa mvua, kama wakulima walivyokijua tangu kale na kukipa jina kutokana na kulima.

JICHO NALO LINA MASHARTI

Mtu atokaye kwenye taa huwa kama kipofu gizani. Mboni hupanuka katika muda mfupi, lakini chembe za nyuma ya jicho zinazoona katika giza huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kupata nguvu zake kamili. Mwanga mweupe wa tochi au wa simu, hata wa nukta chache, huivunja kazi hiyo yote. Mwanga mwekundu hauvunji sana. Kwa hiyo tochi ifungwe kitambaa chekundu kizito.

Chembe hizo hazipo katikati kabisa ya jicho, zimekaa pembeni. Ndiyo maana nyota hafifu hutoweka ikikaziwa macho, nayo huonekana tena mtu akitazama kando yake kidogo. Mbinu hii ndogo humwonyesha mtu vitu ambavyo mwenzake aliyesimama karibu naye havioni.

Mahali pakaguliwe mchana kabla ya kwenda usiku: mashimo, nyoka, njia ya kurudia. Mwenyekiti wa kijiji au kitongoji apewe taarifa, kwani watu wanaotembea na tochi usiku mashambani huweza kutiliwa shaka. Penye mambo ya kale, kama Kolo, ruhusa iombwe kwa wahusika. Wakati wa Juni blanketi ni la lazima, maana usiku wa nyanda za juu ni wa baridi.

KUPIMA ANGA KWA BOMBA LA KARATASI

Sifa za mahali zisikadiriwe kwa maneno tu. Jaribio lifuatalo linaweza kufanywa na shule yoyote ya msingi au ya sekondari.

Karatasi ngumu izungushwe iwe bomba lenye urefu wa sentimeta 30 na kipenyo cha sentimeta 5. Mtazamaji aweke jicho mwisho mmoja wa bomba, alielekeze angani bila kuchagua nyota, ahesabu nyota zote anazoziona ndani yake. Afanye hivyo mara 10 katika pande mbalimbali za anga, za juu na za chini, kisha ajumlishe na kugawanya kwa 10 ili kupata wastani. Bomba la vipimo hivyo huonyesha sehemu 1 kati ya 288 ya anga lote lililo juu ya upeo wa macho. Wastani ukizidishwa kwa 288 hutoa idadi ya nyota zinazoonekana kwa wakati huo. Kwa mfano, ikiwa jumla ni nyota 70, wastani ni 7, na anga zima lina nyota 2,016.

Anga la giza jema hutoa jibu la nyota 2,000 au zaidi. Mahali ambapo nyota za daraja la nne ndizo za mwisho kuonekana, kama ilivyo katika miji mingi, jibu huwa kiasi cha nyota 250, na mara nyingi bomba huwa tupu. Vipimo vikifanywa sokoni, kisha kilometa 5 nje, kisha 10, kisha 20, wanafunzi watachora mchoro wao wenyewe wa namna mwanga wa mji unavyopungua. Tarehe, saa, umri wa mwezi na hali ya vumbi viandikwe kila mara.

Kuna na kipimo cha haraka. Pembeni mwa nyota nne za Salibu ipo ya tano, ndogo zaidi. Isipoonekana, anga ni baya. Ikionekana, itafutwe kando ya Salibu ile doa jeusi katika Njia Nyeupe, ambalo ni wingu kubwa la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Doa hilo likionekana wazi, mahali hapo panafaa sana.

TAA ZA MJI NA HATIMA YA ANGA

Mwaka 2016 wataalamu walitoa ramani ya dunia nzima ya mwangaza wa anga la usiku. Ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na kwamba theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2023 na kutegemea hesabu za nyota zilizofanywa na wananchi wa kawaida, wengi wao wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ulionyesha kwamba anga lilikuwa likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Kwa mwendo huo, mtoto azaliwaye mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu atakapofikia umri wa miaka 18.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Hilo ni jambo la kushangiliwa. Zahanati inahitaji taa, na msichana atokaye shuleni jioni anastahili njia yenye mwanga. Swali si kama taa ziwekwe au zisiwekwe. Swali ni mwanga wake uende wapi. Taa yenye kofia inayoelekeza mwanga wote chini humwangazia mpita njia vizuri zaidi, haimpigi machoni, na hutumia umeme kidogo kwa kazi ile ile. Rangi pia ina uzito. Mwanga wa buluu hutawanywa na hewa takriban mara tatu zaidi kuliko ule wa manjano. Kwa hiyo taa za rangi ya manjano hulidhuru anga kidogo kuliko zile nyeupe zenye ubuluu.

Mambo haya yamekwisha kufanyika kwingine. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulipitisha sheria ya kwanza ya kulinda giza mwaka 1958. Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya kuyalinda maeneo ya elimu ya falaki mwaka 2007. Namibia, mwaka 2012, ilipata hifadhi ya kwanza ya anga la giza inayotambuliwa kimataifa katika Afrika, eneo la NamibRand, na wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuona yale ambayo mkulima wa Kolo huyaona akitoka nje ya nyumba yake.

Udongo wa vilima vya Irangi ulipoondoka, ilibidi miaka mingi ipite ili majani yarudi. Anga ni jepesi zaidi kuponywa, kwani taa ikivikwa kofia leo, nyota hurudi usiku huo huo. Lakini ni rahisi na nafuu zaidi kuchagua taa iliyo sawa kabla nguzo haijasimamishwa kuliko kuibadilisha baadaye. Halmashauri za miji midogo, walimu wa sayansi na mafundi umeme wanayo nafasi hiyo sasa. Shule itakayoanza mwaka huu kuhesabu nyota kwa bomba la karatasi, na kuendelea kila mwaka katika giza la mwezi Juni, itakuwa na ushahidi wa kuupeleka mbele ya halmashauri siku mpango wa taa utakapojadiliwa.